Sauti ya Asiyeshindwa

Kama dunia ingekuwa na haki, mtu anayesimamisha mwezi kwa kidole kimoja asingesumbuliwa na bomba la jikoni. Lakini dunia ndiyo hii tunayoijua. Jumamosi hiyo asubuhi Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, shati limelowa mpaka mgongoni, na jirani yake amejiegemeza dirishani kumtazama, maana jirani naye hakuwa na kazi ya maana siku hiyo.

"Kwa nini usiliamuru tu liache kuvuja?" jirani akasema. "Jua zima unaliamuru huko redioni, linatii. Hilo bomba ni kitu gani kwako, Shujaa?"

"Bomba halisikilizi redio," Fundi akajibu.

Jirani akacheka mpaka akashika kiuno. Fundi hakucheka. Alijua amesema jambo la kuchekesha, alilisikia kabisa likitoka mdomoni, lakini kicheko chenyewe hakikuja, wala hakukitafuta. Tangu amzike mkewe mambo mengi yalikuwa hayaji. Njaa haikuja, usingizi ulikuja ukitaka, machozi hayakuja hata siku moja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, ukiufinya husikii kitu.

Kazi yake hasa ni kutengeneza cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho ndicho sebule, kimejaa cherehani za watu, nyingine zimevuliwa vichwa, nyingine zinangoja mkanda, na harufu ya mafuta ya mashine imeingia mpaka kwenye mapazia. Redioni alifika kwa bahati tu. Mzee mmoja aliyestaafu kufundisha fizikia, ambaye watu wanamwita Mwalimu hadi leo, aliwahi kumletea cherehani iliyokuwa inakata uzi. Akiwa amekaa anangoja, akamsikia Fundi akizungumza nayo. "Sasa wewe shida yako nini? Jana nimekupa mafuta, leo umeninunia. Haya, tuanze tena, mimi na wewe. Hakuna mtu atakayekuja kutusaidia."

Mwalimu akasahau cherehani. Alikuwa ameandika mchezo wa redio juu ya watu wanaosafiri kati ya nyota, na vijana wote waliokuja kujaribu sauti ya shujaa walikuwa wananguruma tu, kila mmoja anataka kumtisha mwenzake. "Majasiri ninao tele," akamwambia Fundi. "Mimi namtaka mtu aliyechoka na bado anaendelea."

Basi shujaa akazaliwa hivyo: fundi wa injini ndani ya chombo cha anga, mwenye spana moja, goti bovu na hofu ya giza. Msimu wa kwanza alikuwa anaogopa kila kitu, na watu walimpenda kufa. Injini ikizima, alihitaji kushikiwa taa. Akijikata, alihitaji kufungwa kitambaa. Kwa hiyo alizungukwa na wenzake: kulikuwa na Daktari, kulikuwa na Mpishi, na kulikuwa na Rubani. Wote walisimama kuizunguka maiki moja, wakipigana viwiko na kukanyagana, na Masikio, yule fundi mitambo anayesikia nzi akitua chumba cha pili, alikuwa anawafokea kupitia kioo waache kupumuliana usoni.

Rubani alikuwa mke wake. Huyo naye hakuitwa na mtu. Alikuja studio siku moja kumletea mumewe miwani aliyoisahau, akasimama mlangoni akasikiliza, kisha akaingilia kati. Alitaka kujua ni mjinga gani anayetua na chombo kizito namna ile huku anaomba ruhusa kwa upole. "Watu wanakufa humo ndani, ninyi mnasema 'tafadhali'? Kipigieni kelele hicho chombo!" Mwalimu akamtazama, akachukua kalamu, akamwandikia sehemu yake palepale, karatasi ameiegemeza ukutani. Tangu siku hiyo hata dukani alikopima vitambaa wateja walimwita Rubani, na yeye aliitika.

Sasa nguvu zinavyoingia katika hadithi za namna hii, zinaingia kama mgeni anayeomba alale siku moja tu. Msimu wa pili Mwalimu akampa shujaa mkono wa chuma, mkono tu, kwa sababu maharamia wa anga walikuwa wamekuja na bunduki. Wasikilizaji wakapiga simu kushangilia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msimu uliofuata ule mkono ukawa unazuia risasi. Risasi zikishazuilika, nani ataogopa bunduki tena? Ikabidi adui aje na jeshi. Jeshi likija, shujaa akasoma mawazo ya majenerali. Adui akaja na sayari nzima, shujaa akaisukuma pembeni kama mtu anayesogeza kiti. Mwalimu alikuwa analijua jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote, na alilieleza kwa uchungu kama mlevi anayeeleza ubaya wa pombe, huku anamimina.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba kila nguvu ilikuja na kumfukuza mtu kazi. Mkono ulipojifunza kuponya majeraha, Daktari hakuhitajika, akalipuliwa katika sehemu ya tatu ya msimu. "Nimeuawa na mkono!" alilalamika yule bwana aliyekuwa na sauti hiyo, na sasa anasoma bei za mazao asubuhi. Shujaa alipoanza kushiba mwanga wa nyota, Mpishi akaachwa kwenye sayari fulani, hakuna aliyeuliza habari zake tena. Shujaa alipojifunza kuruka bila chombo, ilikuwa zamu ya Rubani, lakini hapo wasikilizaji walikataa katakata. Ikabidi abaki. Kwa hiyo msimu mzima mtu mwenye uwezo wa kuvuka mbingu peke yake alikuwa anafuatwa nyuma na mwanamke ndani ya chombo kikuukuu, anayemkemea kwamba ameondoka bila koti.

Na kadiri shujaa alivyokua, Masikio naye aliongeza uzito wa sauti yake kwenye mitambo, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka Fundi akijisikiliza nyumbani alikuwa anasikia kitu kama ngurumo ya mbali inayojua Kiswahili. Mitambo hiyo haikutaka sauti nyingine karibu. Fundi akahamishiwa kwenye kichumba chake peke yake, kilichobandikwa sponji kuta zote.

Halafu Rubani akaugua figo. Ugonjwa ulikuwa mrefu, nao una mambo yake ambayo hayana haja ya kusimuliwa. Aliyeuguza anayajua, asiyeuguza hatayaelewa. Alipofariki, Mwalimu alikaa wiki kadhaa bila kuandika, kisha akaandika kwamba chombo cha Rubani kimeteketea katika jua jeusi. Karatasi ya Fundi ilisema: shujaa anatazama moto, hasemi neno. Hiyo ikawa kazi rahisi kuliko zote alizowahi kurekodi. Kwenye mazishi pia alifanya hivyohivyo. Alipanga viti, akashukuru watu, akaulizia kama wageni wa mbali wamepata usafiri. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa chuma. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa anamalizia shule ya sekondari, alimtazama siku nzima kana kwamba anamsubiri mtu ambaye gari lake limechelewa.

Na redioni, jamani, redioni ndiyo kwanza akapata sifa. Sauti yake sasa ilikuwa imenyooka, haina mkunjo hata mmoja. "Hiyo hiyo!" Mwalimu alikuwa anasema nyuma ya kioo. "Hivyo ndivyo anavyozungumza mtu asiyeshindwa." Fundi akitoka kichumbani alisema sawa, akaenda nyumbani.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumamosi hiyo ya bomba. Mchana wake Mwalimu akaja nyumbani, akakaa kati ya cherehani mbili, kofia mkononi, na kwa muda mrefu akawa anaisifia mashine ambayo hata haikuwa na sindano.

"Sema, Mwalimu," Fundi akamwambia.

"Wasikilizaji wanatukimbia." Mwalimu akaweka kofia chini. "Na wana haki. Mtu asiyeweza kuumia, nani atashikwa na wasiwasi juu yake? Nimempa kila kitu. Nimempa wakati wenyewe, anausimamisha akitaka. Limebaki jambo moja tu ambalo hajaliweza."

"Lipi hilo?" Fundi akauliza.

"Kufufua. Anakwenda kwenye majivu ya kile chombo, anasema 'Amka', Rubani anaamka." Mwalimu alikuwa anaitazama sakafu. "Sitaki mtu mwingine aige sauti yake. Rekodi zake zote zipo. Masikio anaweza kukata neno hapa na neno pale. Lakini hiyo ni sauti ya mkeo, ndugu yangu. Ukisema hapana, naichana karatasi leo hii, na mchezo ukifa na ufe."

Kungekuwa na mtu ndani ya Fundi wakati huo, angesema jambo. Angefoka, au angelia, au angemshika mzee wa watu shingo. Fundi alitafuta ndani akakuta pamefagiwa. "Sawa," akasema.

"Sawa vipi? Lala nalo kwanza."

"Sawa tu, Mwalimu. Fanyeni."

Jioni alimweleza binti yake wakiwa mezani, kwa sauti ileile ambayo angetumia kumweleza kwamba bomba limepona. Binti akaacha kula.

"Unasema mama atazungumza."

"Maneno yake ya zamani. Wanayaunganisha."

"Na wewe utamwambia aamke, na yeye ataamka."

"Ni mchezo, mwanangu."

"Najua ni mchezo, baba! Mimi si mtoto mdogo." Sauti yake ikapanda, kisha akaishusha, na alipoishusha ndipo ikawa mbaya zaidi. "Nimekaa na wewe humu ndani miezi yote hii. Ukiamka unasema sawa, ukilala unasema sawa. Nikikuambia nimefaulu mtihani, sawa. Nikikuambia nimemuota mama, sawa. Nikadhani labda kuna siku. Kumbe siku yenyewe ndiyo hii, unataka afufuliwe redioni, watu wapige makofi, yaishe."

"Mimi sitaki. Nimeombwa, nikakubali."

"Basi hilo ndilo baya kabisa." Akainuka na sahani yake. "Mama mdogo aliniambia mlango wake uko wazi. Ukirekodi hicho kitu, mimi nahamia kwake. Sikutishi, baba. Nakuambia tu ili usije ukasema hukujua."

Fundi alijua kwamba hapa ndipo mzazi anapopaswa kusema neno. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikaa mji mwingine. Binti akienda huko haji tena ila kusalimia. Alimjua huyu mtoto, kwa kukata shauri alikuwa mama yake mtupu. Nyumba ingebaki na cherehani. Aliyaona yote hayo waziwazi, yamejipanga mbele yake, na hakuna hata moja lililomgusa. Akafungua mdomo.

"Nimesikia," akasema.

Binti akamwangalia, akaenda kuosha sahani. Alipomaliza, akaenda chumbani, na Fundi akasikia droo zikifunguliwa.

Siku ya kurekodi alimwacha amelala, au amejifanya amelala. Begi lilikuwa juu ya kiti cha sebuleni. Mama mdogo alikuwa anakuja kumchukua alasiri, na Fundi aliondoka bila kuaga kwa sababu hakujua kuagana huko kunaanzia wapi.

Studio walikuwa wamejikusanya hata wasiohusika. Daktari wa zamani alikuja na bei zake za mazao mkononi, akamshika bega, akatoka. Fundi akaingia kichumbani, akavaa hedifoni. Karatasi yake ilikuwa na neno moja na nafasi kubwa chini yake. Ng'ambo ya kioo Masikio alikuwa ameinamia kompyuta, na mikono yake, ambayo kwa kawaida haina mchezo, ilikuwa inapapasa.

"Nitakupigia sauti yake ya asili kwanza, uizoee," Masikio akasema. "Ni ile ya msimu wa pili, alipotua salama. 'Nimerudi, mnanisikia?' Ukishaizoea, utasema neno lako, halafu nitaweka ile niliyoiunga. Upo tayari?"

"Nipo."

Hapo Masikio akakosea. Ni kosa ambalo hangelifanya siku nyingine yoyote. Kabla ya kila rekodi mtu huwa anasema maneno mawili matatu ya kupima maiki, na maneno hayo hukatwa baadaye, hayafiki hewani. Wengine huhesabu, moja mbili tatu. Rubani alikuwa anakataa kuhesabu, anasema yeye si mchungaji wa kuhesabu kondoo. Aliitumia nafasi hiyo kuzungumza na mumewe aliyesimama pembeni. Masikio, kwa papara zake, alianzisha rekodi mapema mno, kule kwenye kupima.

Kukawa na mkwaruzo wa kiti. Kisha, karibu kabisa na sikio la Fundi, mkewe akasema, "Lakini umekula?"

Si Rubani aliyesema. Hakukuwa na chombo wala nyota. Alikuwa yule mwanamke wa nyumbani, amechoka kupima vitambaa, anamuuliza mumewe kama amekula.

"Bado," Fundi akajibu.

Alijibu bila kujua anajibu. Sauti ilitoka yenyewe, sauti yake ya nyumbani, ile ya kuongea na cherehani, na ndani ya kifua chake kitu kikageuka ghafla kumwelekea yeye aliyeuliza, kama mtu aliyeitwa barabarani. Akamngoja aseme zaidi. Alimngoja kwa mwili mzima.

Lakini ndani ya hedifoni mtu mwingine akajibu. "Nimekula," alisema mwanaume mmoja, kijana kidogo, mchangamfu, anayedanganya.

"Muongo mkubwa wewe," mkewe akamwambia yule mwanaume, na wote wawili wakacheka.

Fundi alimtambua. Alikuwa yeye mwenyewe, wa miaka ile. Mkewe alikuwa anazungumza na huyo. Aliuliza swali lake, akajibiwa, akaridhika, na mtu huyu aliyesimama sasa ndani ya sponji hakuwa sehemu ya mazungumzo. Angeweza kujibu mpaka sauti imkauke. Wangeweza kukata maneno ya mkewe na kuyaunga namna yoyote, yangekuwa yanamwelekea yule kijana muongo, hayangegeuka kamwe.

Masikio aliruka akazima. Uso ulikuwa umemshuka. "Nisamehe, kaka. Nisamehe sana, nimeanzia vibaya."

Fundi akavua hedifoni taratibu, akaziweka juu ya karatasi. Akashika ukuta. Haikuwa kwamba uchungu umemjia wote. Ilikuwa kama mguu unapoanza kuamka, yale maumivu madogo ya kwanza ambayo hata huyaamini. Akafungua mlango akatoka.

"Nakataa," akamwambia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa tayari amesimama. "Ni haki yako. Lakini nimalizie vipi, ndugu yangu? Nimwambie nini msikilizaji? Shujaa huyu hakuna kisichowezekana kwake."

"Basi na hili lisiwezekane. Mwache afike pale, aseme neno lake, na asijibiwe." Fundi alikuwa anatafuta maneno, na yalikuja moja moja, mazito. "Arudie. Asijibiwe tena. Halafu mwache abaki hapo hapo."

"Abaki afanye nini?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi mwenyewe ndiyo nakwenda kujua."

Alitembea nyumbani kwa haraka iliyomshangaza. Mara mbili tatu aliwapita watu waliomwita Shujaa, hakuwajibu. Mbele ya nyumba gari la mama mdogo lilikuwa limeegeshwa, na mama mdogo mwenyewe ameketi ndani yake, mlango wazi. Alipomwona shemeji yake alitaka kusema jambo, kisha akautazama uso wake, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Binti alikuwa sebuleni, amevaa viatu, begi miguuni. Hakuinuka.

"Nimewakatalia," Fundi akasema.

Binti akatikisa kichwa kidogo. Haikumtosha, na Fundi aliona kwamba haikumtosha, na safari hii kuona huko kulimuuma.

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula," akasema. "Masikio alikosea, akaanzia kule kwenye kupima maiki. Nikamjibu. Hakunisikia." Akakaa chini, palepale sakafuni, kati ya cherehani mbili, maana kiti kilikuwa mbali. "Hanisikii, mwanangu. Mama yako amekufa."

Akalisikia neno hilo likitoka kwa sauti yake mwenyewe, na halikuwa na uzito wa mitambo. Likatoka jembamba, limevunjika katikati. Machozi hayakuja hata hapo. Akaiweka mikono yake magotini, viganja juu.

Binti akaja akakaa karibu yake, na viatu vyake vya safari miguuni. Akaichukua ile mikono akaishika.

"Mimi nilijua siku ileile, baba," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."